Jua la Kilo Elfu Mbili: Shajara ya Mradi wa Sayari, Lindi

Jumamosi, 5 Oktoba 2024

Leo klabu yetu ya sayansi imekubaliana kipimo. Milimita moja ya kwetu ni kilomita 1,000 za angani, na mita moja ni kilomita milioni moja. Nimekipendekeza hiki kwa sababu mtoto wa darasa la tano anakipigia hesabu kichwani. Dunia ina kipenyo cha kilomita 12,742, kwa hiyo kwetu ni tufe la milimita 12.7, dogo kuliko gololi ya kuchezea. Iko kilomita milioni 150 kutoka kwenye Jua, basi nguzo yake itasimama mita 150 kutoka uwanja wa shule. Mshtarii ina sentimita 14 na inakaa mita 778. Neptuni, ya mwisho, inaangukia kilomita nne na nusu, mbele huko njia ya Mitwero.

Jua linatoka mita 1 na sentimita 39. Nilikuwa nawaza mbao, lakini mama mmoja wa jirani anayesuka ukili alinisikia nikihangaika akasema, "Mwalimu, si mnataka duara? Na kawa ni nini?" Ameahidi kutushonea kawa bapa la upana huo, ukili wote wa manjano.

Mpango ni matufe manane, rangi nane, nguzo nane za mianzi. Kamba ya katani ya mita 50 tunayo, tumeipiga fundo kila mita 10. Nataka tumalize kabla ya likizo ya Desemba.

Jumatano, 9 Oktoba

Tumekwama kwenye majina. Sayari ya kwanza kutoka kwenye Jua wengine wanaiita Utaridi, wengine Zebaki. Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali hayana ubishi, yametujia kwa Kiarabu pamoja na elimu ya falaki. Ugomvi uko kwenye mbili za mwisho. Binti mmoja alileta daftari la zamani la mama yake lililoandikwa Sarateni na Kausi. Hayo ni majina ya buruji, yaani makundi ya nyota ya Kaa na Mshale, nami sioni vizuri kuyahamishia kwenye sayari. Urano haikujulikana kuwa sayari mpaka William Herschel alipoiona kwa darubini mwaka 1781. Neptuni ilipatikana mwaka 1846, baada ya Urbain Le Verrier kupiga hesabu ya mahali inapopaswa kuwa, na Johann Galle kuielekezea darubini kule Berlin akaikuta. Wazee wa falaki wasingeipa jina sayari ambayo hakuna aliyejua kuwa ipo. Tumeandika Utaridi, Urano na Neptuni, tukaendelea.

Mzazi mmoja ameuliza Pluto iko wapi, maana yeye alisoma sayari tisa. Alisoma sawa kwa wakati wake. Umoja wa Kimataifa wa Astronomia uliiondoa kwenye orodha mwaka 2006 na kuiweka kwenye kundi la sayari kibete. Kwa kipimo chetu ni punje ya milimita 2.4.

Jumamosi, 12 Oktoba

Siku ya leo naiandika kwa kirefu.

Asubuhi tulikwenda kwa fundi baiskeli kutafuta vitu vidogo vya duara. Akatumwagia gololi kwenye kifuniko cha kopo. "Hizi ndogo ni za habu ya mbele, hizi za nyuma." Ya mbele ina milimita 4.76. Utaridi kwa kipimo chetu ni 4.88. Nilipima mara mbili kwa furaha. Na si upana peke yake unaokaribiana: Utaridi nayo sehemu kubwa ni chuma. Kiini chake cha chuma kinajaza takriban asilimia 85 ya umbali wa kutoka katikati hadi juu, mwamba umebaki ganda tu.

Gololi ya nyuma ina milimita 6.35, na kiini cha Dunia kwetu ni kama milimita 7. Tuliichukua, tukaivika udongo wa mfinyanzi mpaka ikafika 12.7. Zuhura tuliitengeneza vilevile, ikaishia 12.1. Mirihi, milimita 6.8, tuliifinyanga kwa udongo mwekundu. Wekundu wa Mirihi ni kutu: chuma kilichomo kwenye vumbi lake kimeshikana na oksijeni, jambo lile lile linalomaliza baiskeli zetu za pwani.

Mchana sonara alitukubalia tutumie mizani yake. Hapo ndipo mradi ulipogeuka. Usiku uliotangulia nilikuwa nimepiga hesabu. Ukipunguza urefu mara bilioni, upana mara bilioni na kimo mara bilioni, basi uzito nao unapungua kwa bilioni hizo tatu zikizidishwa zenyewe kwa zenyewe. Dunia nzima inabaki gramu 6. Nikawaambia watoto, tukaweka tufe letu mezani kwa sonara. Gramu 3.

Watoto walidhani tumekosea kupima. Hatukukosea. Udongo wa mfinyanzi juu ya gololi haubanwi na kitu, lakini mwamba wa ndani ya Dunia umelemewa na maelfu ya kilomita za mwamba mwingine juu yake, na kiini kimebanwa zaidi. Kila kitu kule chini kimeshindiliwa kuliko kitakavyokuwa kikiwa huku juu. Hakuna mfinyanzi anayeweza kushindilia hivyo.

Ndipo kijana wa darasa la sita, ambaye kwao wanaokota korosho msimu huu, akatoa korosho ghafi mfukoni akaiweka kwenye sahani ya mizani. Gramu 5.9. Sonara mwenyewe akainama kuangalia.

Tumeamua nguzo ya Dunia itakuwa na tufe la udongo la kuonyesha ukubwa, na korosho moja pembeni yake ya kuonyesha uzito. Nikawasomea na uzito mwingine. Zuhura gramu 4.9. Mirihi gramu 0.64. Utaridi theluthi moja ya gramu. Mshtarii kilo 1.9. Zohali gramu 568. Urano gramu 87. Neptuni gramu 102, wakati kwa upana ni ndogo kuliko Urano. Ukizikusanya zote nane hazifiki kilo 2.7, na sehemu kubwa ya hiyo ni Mshtarii peke yake. Jua? Kilo 1,989. Watoto wa kwetu wanajua gunia la korosho la kilo 80, wameyaona yakipangwa ghalani. Jua ni magunia 25, na sayari zote ni kibaba cha mwisho kilichomwagika pembeni.

Nilipoanza nilidhani tunapaka rangi matufe. Sasa nataka kila tufe liwe na uzito wake na asili yake, hata kama rangi zitangoja.

Jumatatu, 14 Oktoba

Siku ya Nyerere, hakuna shule. Jioni watoto watatu walinibishia hodi kunionyesha nyota ya manjano karibu kabisa na Mwezi. Ilikuwa Zohali. Niliwaambia Mwezi uko karibu kilomita laki tatu na elfu themanini na nne, na kwetu ni sentimita 38 kutoka tufe la Dunia, urefu wa mkono mpaka kiwiko. Nguzo ya Zohali itakuwa zaidi ya kilomita moja mbele. Wakasimama kimya wakitazama vitu viwili vinavyoonekana kugusana.

Jumamosi, 19 Oktoba

Leo Jua limepita utosini. Dakika chache baada ya saa sita mchana kijiti tulichokisimika uwanjani hakikuwa na kivuli. Lindi tunaipata siku hii mara mbili kwa mwaka, sasa na mwishoni mwa Februari, kwa sababu mhimili wa Dunia umeinama nyuzi 23.4 na Jua la utosi linatembea kaskazini na kusini.

Tukatumia nafasi hiyo kuchoma kila tufe kijiti cha mhimili. Mirihi imeinama nyuzi 25, karibu sawa na sisi, kwa hiyo ina majira, ila mwaka wake ni siku 687 na majira yanavutika. Mshtarii imesimama karibu wima, nyuzi 3. Urano imelala ubavu kabisa, nyuzi 98. Mwaka wake ni miaka 84 ya kwetu, na ncha yake moja inakaa mwangani miaka 42, kisha gizani miaka 42. Msichana mmoja alifikiri kidogo akasema, "Kwa hiyo mtu anazaliwa mchana, anaoa, anapata wajukuu, na usiku bado." Nimeliandika neno lake kwenye kibao cha Urano.

Jumamosi, 26 Oktoba

Kwa fundi seremala. Huku kwetu ni nchi ya mpingo, na mpingo huzama majini. Nilikuwa nalifikiria hilo wiki nzima, kwa sababu lita moja ya Mshtarii kwa wastani ina kilo 1.33, na mpingo unakaribia hapo. Lita moja ya Zohali haifiki gramu 700. Kati ya hizi nane, ni sayari pekee iliyo nyepesi kuliko maji. Mbao ya mwembe iliyokauka vizuri inalingana nayo.

Tufe la kwanza la mpingo lilipasuka. Fundi alikuwa ameliacha juani, na gogo zima la upana wa sentimita 14 lisilo na uwazi moyoni ni shida kupata. La pili ameliunga vipande vinne kwa gundi, akalipiga msasa mpaka likang'aa kama lilivyo. Uzito kilo 1.7. Tulitoboa tundu chini, tukatia chubwi za mvuvi mmoja mpaka zikafika kilo 1.9, tukaziba.

Kwa Zohali tulibishana. Nilimwomba aibonyeze juu na chini, upana wa kati uwe milimita 120 na kimo 109. "Mwalimu, tufe likiwa hivyo watu watasema sijui kazi yangu." Nikamweleza kwamba Zohali inajizungusha mara moja kwa saa kumi na nusu hivi, na kwa kuwa haina ardhi ngumu, kiuno kinatanuka. Mshtarii nayo inazunguka kwa chini ya saa kumi. Alisikiliza, akachukua tupa. Tulipomaliza aliligeuzageuza mkononi akaniambia sasa linaonekana kama lina mwendo.

Kisha ndoo ya maji. Kila mtoto alitaja kwanza lipi litazama. Mpingo ukaenda chini moja kwa moja. Zohali ikaelea, kiuno kimelowa na mgongo mkavu. Hili hawatalisahau, na mimi pia.

Jambo moja liliwasumbua. Zohali ina uzito wa Dunia mara 95, lakini gunia la kilo 80 likipimwa kwenye mawingu yake ya juu lingesoma kama kilo 85 tu. Uzito wake ni mkubwa, ila umetawanyika mbali na katikati, na mvutano hupungua kwa umbali. Kwenye Mshtarii gunia hilo lingesoma kilo 200, kwenye Mirihi kilo 30.

Pete za Zohali tumezikata kwenye karatasi, sentimita 27 kutoka ukingo hadi ukingo. Karatasi ya daftari kwa kipimo chetu ina unene wa kilomita 100. Pete zenyewe, sehemu kubwa, unene wake ni makumi ya mita. Hapa sina ufundi wala kifaa, nimeandika tu ukweli huo kibaoni.

Jumamosi, 2 Novemba

Usiku hauna mwezi. Tulikuwa ufukweni na darubini ndogo ya kuazima, wazazi sita wamekuja pia. Zuhura ilikuwa magharibi baada ya Jua kuzama, inang'aa kuliko vyote. Saa mbili na nusu Zohali ikasimama karibu na utosi, shingo zikauma. Pete zilionekana kama sindano iliyopita katikati ya shanga, kwa sababu mwakani Machi zitatuelekezea ukingo wake na hivi sasa zimeshaanza kulala. Baadhi ya watoto walitarajia pete pana kama za vitabuni. Kwangu sindano ile ilithibitisha wembamba ule ambao karatasi yetu imeshindwa kuuonyesha.

Wapo wataalamu ambao, kwa vipimo vya chombo cha Cassini, wanakadiria pete hizo hazina zaidi ya miaka milioni mia chache. Mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria aliyechimbwa hapa mkoani kwetu kati ya 1909 na 1913 na kupelekwa Berlin, aliishi kama miaka milioni 150 iliyopita. Ikiwa makadirio hayo ni sahihi, inawezekana aliinua shingo ile ndefu akaiona Zohali isiyo na pete. Nililisema hilo kwa sauti pale gizani, na mzee mmoja akanijibu, "Basi walichukua shahidi wetu."

Baada ya saa tatu Mshtarii ikachomoza kutoka upande wa bahari, na pembeni yake vinukta vya miezi yake mikubwa, ile ambayo Galileo aliiona mwaka 1610.

Jumatano, 6 Novemba

Binti mwenye jina la Zuhura ameuliza kwa nini hatuendi huko, kwa kuwa ni jirani na imefanana na sisi. Swali halali kabisa. Mizani ya sonara inakubali: gramu 4.9 kwa 6, milimita 12.1 kwa 12.7. Ukiziweka mezani ni mapacha.

Lakini hewa ya Zuhura ni kabonidaioksaidi, zaidi ya asilimia 96, na inakandamiza mara 90 na zaidi kuliko hewa yetu. Wavuvi wanaelewa: ni kama kuwa chini ya bahari mita 900. Hewa hiyo inaruhusu mwanga kiasi kuingia, kisha inalizuia joto lisitoke. Ardhi yake ina nyuzi 465 mchana na usiku. Nilimpa chubwi ya madini ya risasi mkononi nikamwambia risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327. Kule ingekuwa majimaji. Utaridi iko karibu zaidi na Jua, na bado si ya moto kuliko zote. Mchana hufika nyuzi 430, na usiku, kwa kuwa haina blanketi la hewa, hushuka mpaka 180 chini ya sifuri. Chombo cha Venera 13 cha Wasovieti kilitua Zuhura mwaka 1982 kikadumu dakika 127. Na huko Jua huchomoza magharibi, kwa sababu inajizungusha kinyume, polepole kiasi kwamba mzunguko mmoja, siku 243, unazidi mwaka wake wa siku 225.

Nilitaka aone kwamba mizani haimalizi habari. Mapacha wawili wamelelewa na hewa tofauti. Aliuliza kama Dunia inaweza kuwa vile. Nilimwambia kweli, kwamba hewa yetu nayo inabadilika kwa moshi tunaouchoma, na kwamba wapo watu wanaoipima kila siku.

Jumamosi, 9 Novemba

Kwa nini ndogo za mwamba ziko karibu na kubwa za gesi mbali? Tuliwasha jiko la mkaa, tukapanga visahani kwenye mstari. Kila kimoja kilikuwa na msumari, kokoto na kipande cha barafu kutoka kwa wauza samaki. Cha karibu na jiko kilibaki na msumari na kokoto ndani ya maji yanayofuka. Cha mwisho barafu ilikuwa bado.

Jua lilipokuwa changa, miaka bilioni nne na nusu iliyopita, karibu yake viligandamana vyuma na mawe tu, ambavyo havikuwa vingi. Mbali, barafu nayo iliingia kwenye ujenzi, vitonge vikawa vikubwa vya kutosha kunasa haidrojeni na heli. Mshtarii na Zohali zilinasa nyingi sana. Urano na Neptuni zilipata kidogo, ndiyo maana ndani yake kuna zaidi maji, amonia na methani vilivyobanwa. Matufe yao tumeyatengeneza kwa unga wa mbao, gundi na mchanga, na Neptuni tukaiongeza mchanga mpaka ikafika gramu 102.

Jumamosi, 23 Novemba

Nguzo zote zimesimama. Nne za kwanza tulimaliza kwa robo saa, zote ndani ya mita 228. Mpaka Mshtarii kuna kamba kumi na moja, na baada ya hapo ni kuvuta, kufunga fundo, kuvuta. Mvua ilitukuta kati ya Zohali na Urano.

Jumamosi, 30 Novemba

Nuru husafiri kilomita laki tatu kwa sekunde. Kwetu ni sentimita 30, hatua ya mtoto anayejifunza kutembea. Vijana wawili waliomba kuwa Nuru. Waliondoka kwenye kawa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mmoja akihesabu kwa saa ya mkononi. Kwenye korosho walifika baada ya dakika nane na sekunde ishirini. Sisi wengine tulitangulia kwa mwendo wa kawaida, yaani tuliipita nuru na kuiacha nyuma.

Kwenye Neptuni tulikaa chini ya mwembe kungoja. Chombo kimoja tu, Voyager 2, kimewahi kuifikia, Agosti 1989, na kilikuta pepo za zaidi ya kilomita 2,000 kwa saa. Jua linaonekana kutoka huko kama nukta kali, mwanga wake umefifia mara 900. Mtoto mdogo kuliko wote akauliza nyota inayofuata itakuwa nguzo ya wapi. Proxima Centauri, kwa kipimo chetu, ni kilomita elfu 40. Nikamwambia ashike barabara hii, aizunguke dunia yote, mpaka atokee tena hapa Lindi upande wa pili. Aligeuka akatazama njia ya mjini.

Nuru ilitakiwa kufika saa nne na dakika arobaini. Walichelewa, maana pale Urano bibi mmoja aliwapa madafu, na mmoja alikuwa na malengelenge. Tuliwaona wakitokea kwenye kona, bado wanahesabu kwa sauti, hatua moja, sekunde moja, hawakuikimbilia nguzo hata walipoiona. Nimeandika daftarini: Neptuni, saa nne na dakika hamsini na mbili.